Shajara ya mradi: magunia 320 ya kahawa, Moshi hadi Hamburg

AMCOS mbili za Kilimanjaro, yaani vyama vya ushirika vya wakulima, tumeungana kujaza kontena moja la futi 20 na kuuza kahawa yetu moja kwa moja kwa mchomaji wa Hamburg, Ujerumani, bila kupitia mnadani. Mimi nimepewa kushika makaratasi. Nitaongeza hapa kila hatua ikikamilika, gharama zake zikiwemo, ili AMCOS nyingine ikitaka kufuata isianzie gizani. Yaliyokwenda sawa nayapitia haraka.

8 Novemba 2024: Mkataba

Bei imefungwa leo kwa kufuata soko la New York, ambalo bado liko chini ya dola 3 kwa ratili. Wazee wameridhika.

Kontena la futi 20 linabeba magunia 320 ya kilo 60, yaani tani 19.2. Nauli ya meli ni ya kontena zima, liwe limejaa au nusu, na AMCOS yetu peke yake haikufikisha idadi. Ndiyo maana tuko wawili.

Masharti ni FOB Dar es Salaam: mnunuzi anapanga meli na kulipa nauli yake, sisi tunagharamia kila kitu hadi mzigo upakiwe melini. Kipindi cha kusafirisha kilichoandikwa ni Desemba. Malipo yatapitia benki, makaratasi yakikabidhiwa. Uzito unaolipiwa ni ule wa kupakia, lakini ukipungua njiani kwa zaidi ya asilimia 0.5 tunafidia. Kwa mzigo wetu hiyo ni kilo 96, karibu gunia moja na nusu.

20 Novemba: Makaratasi

Kibali cha mkataba na cheti cha asili cha ICO, Shirika la Kimataifa la Kahawa, vinapitia Bodi ya Kahawa, cheti cha afya ya mimea kinatoka TPHPA, mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu. Havina hadithi, ukianza mapema vinatoka.

Pesa iliyopotea ni ya karatasi ambayo haikuhitajika. Wakala wetu wa forodha alisisitiza tufuatilie uthibitisho wa asili wa kupunguziwa ushuru Ulaya, akatutoza shilingi 250,000 za kufuatilia. Tulipomwandikia mnunuzi kwamba unachelewa, alijibu kwa mstari mmoja: kahawa mbichi inaingia Umoja wa Ulaya kwa ushuru sifuri, itoke nchi yoyote. Ushuru upo kwenye kahawa iliyochomwa, asilimia 7.5. Tulikuwa tunatafuta punguzo la sifuri. Basi kabla ya kulipia cheti chochote, orodha ya makaratasi itoke kwa mnunuzi, kwa maandishi. Wakala analipwa kwa kila karatasi anayoifuatilia, kwa hiyo usitegemee akwambie hii haina haja.

Kazi kubwa zaidi imekuwa ramani za mashamba. Sheria ya Ulaya ya 2023 inakataa kahawa iliyolimwa kwenye ardhi iliyokatwa msitu baada ya 31 Desemba 2020, na inataka mahali pa kila shamba pajulikane. Shamba lisilozidi hekta 4 linatosha alama moja ya GPS, na vihamba vyetu, mashamba ya kuzunguka nyumba, vingi havifiki hata ekari mbili, kwa hiyo tulidhani ni kazi ya wiki moja ya vijana wenye simu. Faili la kwanza lilirudishwa na mnunuzi. Kwanza, alama zilikuwa na tarakimu nne baada ya nukta na sheria inataka sita. Pili, wakulima zaidi ya thelathini walionekana wanalima mahali pamoja, na mahali penyewe ni ofisi ya AMCOS: kijana akimkosa mwenye kihamba nyumbani, alikuwa anajaza alama akiwa amekaa kwetu barazani. Zimechukuliwa upya, safari hii mwenye shamba akiwa amesimama ndani ya picha. Ulaya kwenyewe wanajadili kuahirisha sheria hiyo kwa mwaka mmoja. Mnunuzi wetu anasema hilo halimhusu, anataka faili sasa.

Posho za vijana kwa mizunguko yote: shilingi 640,000.

3 Desemba: Kontena tulilolikataa

Hapa naomba msomaji atulie.

Lori lilikuja kutoka Arusha na kontena lililoshusha mzigo wa madukani, likawa linarudi Dar tupu. Kulitumia hilo badala ya kuagiza jingine lipande kutoka Dar kungetuokolea zaidi ya milioni moja, na kampuni ya meli ilikubali. Kwa macho halikuwa na neno: rangi nzuri, sakafu imefagiliwa, bamba la usalama mlangoni liko sawa.

Kipimo chenyewe hakina gharama. Unaingia ndani na mwenzako, wa nje anafunga milango yote miwili na kukaza makomeo, mnakaa gizani. Macho yakishazoea, tundu lolote linalopitisha mwanga mtaliona, hata la ncha ya msumari. Tuliliona moja kwenye pembe ya paa, pembeni ya kiraka kilichochomelewa vibaya. Halafu pua. Milango ilipokuwa wazi halikuwa na harufu yoyote. Kwenye joto la saa saba mchana, milango imefungwa, baada ya dakika chache sabuni ya unga ilitujaa kooni mpaka mwenzangu akaanza kugonga bati afunguliwe. Kahawa mbichi inanyonya harufu ya chochote kilicho karibu nayo, na itakuwa imefungiwa humo mwezi mzima na zaidi. Mchomaji angeionja sabuni kwenye kikombe.

Dereva, kwa nia njema kabisa, alishauri tulioshe kwa maji mengi na kulianika. Tulikataa, na sababu yake ni ya kuandika. Sakafu ya kontena ni mbao za plaiwudi nene. Maji inayoyanywa leo itayatoa ikiwa baharini, milango imefungwa, magunia yako yamelala juu yake. Mimi ningechukua kontena lenye vumbi kuliko lililooshwa jana.

Lori limeondoka na shilingi 450,000 za usumbufu. Tumeagiza kontena jipya kutoka depo ya Dar, tukaandika kwenye maombi kwamba ni la chakula, na kijana wa wakala ametumwa akalikague hukohuko kwa kujifungia ndani na kutuma video. Amekataa mengine kadhaa palepale, na hakuna aliyemdai hata senti. Kusema hapana depo ni bure. Kusema hapana Moshi kumetugharimu laki nne na nusu.

6 Desemba: Kupakia

Tuliwahi kupewa ofa ya ghala Dar, kahawa ishuke kwa lori la kawaida na kupakiwa kwenye kontena kule. Ni nafuu kidogo. Tulikataa kwa sababu ya hewa: Dar ya Desemba ni nzito kwa unyevu, na hewa utakayoifungia na kahawa ndiyo itakayosafiri nayo.

Maji mengi zaidi, hata hivyo, yamo kwenye kahawa yenyewe. Yetu ilipimwa ikiwa na unyevu wa asilimia 11.5, kiwango kizuri tu. Piga hesabu kwa tani 19.2: ni zaidi ya lita 2,200 za maji ndani ya punje kavu. Mchana bati linapata joto, sehemu ya maji hayo inatoka kama mvuke, na usiku bati likipoa mvuke unageuka matone darini na kudondokea magunia. Kahawa inaweza kulowa bila tone moja la mvua au la bahari kuingia.

Kwa hiyo tulitandika karatasi nzito za kaki mbilimbili sakafuni na ukutani, tukaning'iniza mifuko ya chumvi ya kunyonya unyevu kwenye pete za kufungia kamba, na magunia yakapangwa kwa kupishana, kila gunia likikalia kiungo cha mawili ya chini yake, ili yasitambae na kuegemea bati. Juu tukafunika karatasi tena. Karatasi na gundi shilingi 210,000, mifuko ya chumvi 330,000. Ndoana tulizipiga marufuku, ingawa wapakizi walinung'unika kwamba bila ndoana kazi inakuwa ya mgongo mtupu. Gunia la juti likitobolewa na ndoana linavuja njia nzima, na kila punje inayovuja inahesabiwa kwenye zile kilo 96. Tuliongeza malipo kutoka shilingi 500 hadi 700 kwa gunia, manung'uniko yakaisha.

Mvua ya vuli ilinyesha mara mbili katikati ya kazi. Lori lilirudishwa nyuma mpaka mlango wa kontena ukaingia chini ya paa la ghala, pengo likafunikwa turubai.

Kasoro ilitokea mwishoni. Aliyehesabu mlangoni alikuwa na magunia 319, aliyehesabu ndani 320. Afisa wa forodha amesimama na lakiri mkononi, jua linazama, na kila mmoja anaapa kwa mama yake. Kushusha na kuhesabu upya ingekuwa ni kulala pale. Kilichotuokoa ni kwamba ghalani magunia yalikuwa yamepangwa kwa marundo manane ya 40 kabla ya kuanza, na nafasi za marundo zilichorwa kwa chaki sakafuni. Gunia moja lilikutwa nyuma ya mizani, ndilo lililofunguliwa asubuhi kutoa sampuli ya mwisho. Lilipimwa, likajazwa kufikia kilo 60, likashonwa, likaingia. Wa mlangoni alikuwa sahihi. Wa ndani alihesabu nafasi iliyobaki.

Lakiri ni ile ya chuma ya kukatwa kwa mkasi mkubwa. Picha zilipigwa nne: namba ya kontena, lakiri, milango ikiwa wazi, milango ikiwa imefungwa.

11 Desemba: Barabarani

Lori limeshuka Dar wakati dunia nzima inapanda Moshi kwa Krismasi, ile tunayotaniwa kwamba ni kwenda kuhesabiwa. Mizani ya Himo na ya Vigwaza imepita bila neno. Lori la kupandisha kontena tupu na kulishusha limejaa: shilingi 3,600,000.

Jana soko la New York limevunja rekodi ya 1977. Kahawa ya arabika imepita dola 3.40 kwa ratili, na yetu ilifungwa mwezi uliopita. Kwenye kikao cha leo mama mmoja aliuliza kama kontena linaweza kurudi. Haliwezi.

16 Desemba: Uzito wa aina tatu

Kontena moja lina uzito tatu na kila karatasi inataka wake. Wakala wetu aliuchanganya, na nimesikia wengi wanauchanganya.

Kahawa tupu ni kilo 19,200. Huo unakwenda kwenye ankara. Kahawa pamoja na magunia yake, gramu 700 kila moja, ni kilo 19,424. Huo unakwenda kwenye hati ya shehena, ile ambayo mawakala wote wanaiita BL. Ukiongeza karatasi, mifuko ya chumvi na uzito wa kontena lenyewe uliochorwa mlangoni, kilo 2,230, unafika 21,690 hivi. Huo ndio VGM, uzito uliothibitishwa, ambao tangu 1 Julai 2016 hakuna kontena linalopanda meli bila kuwa nao, kwa sababu makontena yaliyodanganywa uzito yamekuwa yakiangusha marundo baharini.

Kwenye rasimu ya hati wakala alijaza 21,690 mahali pa 19,424. Uzito usiolingana na makaratasi mengine ungeweza kukwamisha malipo benki. Rasimu ikirekebishwa kabla meli haijaondoka ni bure. Ikishatolewa hati yenyewe, kila sahihisho ni dola 50 na siku za kusubiri.

Rasimu hiyohiyo ilikuwa na kosa jingine, tarakimu mbili za namba ya kontena zimebadilishana nafasi. Nililikamata kwa tarakimu ya mwisho, ile inayochorwa ndani ya kiboksi. Haikuwekwa pale kama pambo. Kila herufi ina thamani yake, kila nafasi ina kizidisho chake, 1, 2, 4, 8 na kuendelea, jumla inagawanywa kwa 11 na baki ndiyo tarakimu ya kiboksi. Vikokotoo vya bure vimejaa mtandaoni. Namba ya kwenye rasimu ilikataa palepale.

23 Desemba: Kontena limeachwa

Meli imeondoka bila kontena letu. Ilijaa, kampuni ikaacha makontena kadhaa, letu likiwemo. Taarifa ilikuja kwa barua pepe usiku, baada ya meli kung'oa nanga.

Mambo mawili yalizuka kwa mpigo. La kwanza ni bima. Bima ya ghala iliishia getini Moshi, ya lori iliishia geti la bandari, na ya mnunuzi inaanzia melini. Kontena limekaa uwanjani mwa bandari, hatuwezi kuligusa, na kwa FOB, kwa kawaida, hatari ni yetu hadi mzigo upakiwe melini. Tumelipa shilingi 380,000 kuongeza bima ya muda huo. Wanaotunga Incoterms, yale masharti ya kimataifa ya mauzo kama FOB, wenyewe wanashauri mzigo wa kontena uuzwe kwa FCA, ambapo jukumu letu linaisha tukishalikabidhi kwa msafirishaji. Mkataba ujao utakuwa FCA au hatutasaini.

La pili ni kipindi. Mkataba unasema Desemba, na meli inayofuata inaondoka Januari. Tuliogopa mnunuzi angekataa mzigo mzima. Nilimwandikia usiku uleule nikiwa sina usingizi, na asubuhi alijibu kwamba anakubali, ameongeza mwezi mmoja kwa maandishi. Ukarimu? Labda kidogo. Lakini ana kahawa aliyoifunga chini ya dola 3 na soko liko juu zaidi. Angeikataa yetu, angenunua nyingine kwa bei ya leo. Ile bei inayowauma wanachama wetu ndiyo iliyomfanya awe mvumilivu. Soko lingekuwa limeanguka, naamini barua ingekuwa nyingine kabisa. Nimelieleza hili kwenye kikao. Nusu wamenielewa.

Ulaya nao wamepitisha kuahirisha sheria ya misitu kwa mwaka mmoja.

3 Januari 2025: Melini

Imeondoka jana. Hati ya shehena imetoka na tarehe ya kupakiwa melini, uzito sawa, namba sawa. Nakala halisi tatu zimekwenda benki pamoja na ankara na vyeti.

Njia ni kushushwa Port Louis, Mauritius, na kupakiwa meli nyingine, halafu kuzunguka Rasi ya Tumaini Jema. Tangu mwishoni mwa 2023 kampuni kubwa za meli zinakwepa Bahari ya Shamu kwa sababu ya mashambulizi ya Wahouthi, na safari imerefuka. Nina wasiwasi na ile mifuko ya chumvi. Tuliinunua kwa hesabu za zamani za kupitia Suez. Sasa kahawa itavuka ikweta upande wa Atlantiki ikiwa na joto, kisha ndani ya siku chache iingie Bahari ya Kaskazini katikati ya baridi yao. Hapo ndipo bati litapoa ghafla kuliko popote, na mifuko huenda ikawa imeshiba.

25 Februari: Hamburg

Kontena limefunguliwa. Mnunuzi ametuma picha na karatasi ya mizani: kilo 19,138. Pungufu ni kilo 62, asilimia 0.32. Hatufidii kitu.

Harufu safi, sampuli imepita. Tatizo liko mlangoni. Magunia matatu ya juu kabisa, mstari wa mwisho, yana madoa ya maji na moja limeanza ukungu. Nilikuza picha mpaka nikaona: karatasi ya juu imechanika mlangoni hasa, pale wapakizi walipokuwa wanasukuma magunia ya mwisho kwa mabega, na nyuma ya mstari huo hakuna pazia la karatasi kati ya kahawa na milango. Tulifunika pande zote tukaacha mlango, na mlango nao ni bati. Mifuko ya chumvi iliyokuwa karibu nao ilikuwa imejaa maji mpaka imevimba, ile ya nyuma ilikuwa na nafasi bado.

Magunia hayo matatu ameyakata kwa nusu bei. Safari ijayo pazia la karatasi linaning'inizwa darini kabla ya mistari miwili ya mwisho kuingia, linaangushwa mbele ya magunia kabla ya kufunga, na mifuko ya chumvi inaongezwa upande wa mlango.

7 Machi: Hesabu

Malipo ya mwisho yameingia. Gharama zetu kutoka ghala la Moshi hadi melini, pamoja na wakala na tozo za bandari shilingi 1,900,000, zimefika milioni 8 kasoro, ada za vyeti zikiwa nje. Kati ya hizo, milioni moja na elfu themanini zimekwenda kwenye lori tulilolirudisha, karatasi isiyohitajika na bima ya kontena lililoachwa. Juu yake kuna nusu bei ya magunia matatu.

Lililobaki ni ankara ya dola 140 kutoka kwa kampuni ya meli, inayodai tulichelewa kulirudisha kontena likiwa limepakiwa. Siku wanazozihesabu ni zile ambazo kontena lilikuwa uwanjani bandarini baada ya meli yao wenyewe kuliacha. Nimewarudishia barua pepe yao ya 22 Desemba usiku, pamoja na risiti ya geti inayoonyesha lini lori letu liliingia. Hawajajibu, na hatujalipa.